Anayefunga Msafara

Kila Alhamisi naipima njia peke yangu,
daftari kikapuni, chaki ya bluu mfukoni.
Shimo mbele ya duka la mikate: naliwekea duara.
Reli za zamani kando ya maghala ya nafaka,
zinazokata mtaa mshazari: naziwekea msalaba,
maana reli ukiivuka upande humeza tairi
na haiombi radhi.
Malori ya soya hushuka bandarini siku sita.
Ya saba madereva hulala.
Basi ni Jumapili, saa mbili asubuhi,
Rosario ikipiga miayo,
mto Paraná una rangi ya chai iliyozidi maziwa.

Wamekuja kumi na mmoja. Juma lililopita, sita.
Nazijua baiskeli kabla ya majina.
Ya Delmira ilikuwa ya mwanawe, ina stika za timu iliyoshuka daraja.
Ya Nélida ilikaa kibandani tangu mumewe afe;
buibui amehamia kwenye spoku, hataki kumfukuza.
Ya Yanina ni mpya, ameinunua kwa malipo ya miezi tisa,
na hajui kuipanda.

Hatuanzi na pedali. Nazifungua, naziweka kwenye ndoo.
(Ya kushoto hufunguka kinyume;
hata chuma kina upande wake wa ukaidi.)
Tandiko nalishusha mpaka nyayo zote mbili ziguse lami,
kisha nasema: tembea. Tembea ukiwa umekaa.
Nélida ana miaka sitini na tatu.
Alipokuwa na tisa aliambiwa
msichana wa baiskeli hapati mume.
"Nimepata," anasema, "na nimezika. Sasa nipe hizo pedali."

Mwendo wetu ni wa yule anayehema zaidi.
Ukisimama, hatukuulizi kwa nini.
Wa mbele akiona hatari hupaza sauti,
na neno hupokezanwa kama mtoto mchanga,
Shimo! Shimo! Gari! Gari!
hadi linifikie mimi, ninayefunga msafara,
na nyuma yangu hakuna wa kumpa.
Nalimeza.

Wiki ya tano Yanina alianguka.
Mvua ya usiku ilikuwa imefuta msalaba wangu,
nami, kwa uvivu wa mtu aliyezoea, sikurudi kuangalia.
Nilisikia chuma, halafu kengele ikijilia yenyewe.
Kumi walisimama. Hakuna aliyesema pole haraka haraka.
Delmira alikaa chini kwenye lami iliyolowa,
akaosha goti kwa maji ya moto kidogo ya termosi,
yale tuliyoyaweka kwa ajili ya chai chungu,
kibuyu kimoja, mrija mmoja.
Dereva wa teksi alipunguza mwendo, akacheka:
"Jikoni hakuna reli, mabibi!"
Nélida akampigia kengele,
mara moja tu, taratibu,
kama mtu anayemwita mhudumu aliyechelewa.

Mimi nilikuwa nikitafuta maneno ya kuomba msamaha.
Yanina aliangalia nyuma, njia yote tuliyokuja.
"Nani alikuwa amenishika?"
Tukatazamana.
"Tangu wapi?"
"Tangu kwenye duka la mikate," nikasema. "Hakuna."
Akanyamaza. Damu ikashuka hadi soksi.
Akaanza kuhesabu mitaa kwa vidole.

Siku hizi natumia rangi ya mafuta, nyeupe,
na manispaa ikiuliza, sijui kitu.
Alhamisi tunakwenda wawili; brashi anashika yeye.
Ameomba kujifunza kazi yangu,
hii ya kuona migongo ya watu na kuihesabu.

Jumapili iliyopita neno lilikuja likiruka mabega,
Shimo! Shimo! Shimo!
likanifikia, nikalimeza kama kawaida.
Nyuma yangu sauti, karibu na sikio:
"Nimeona umenyamaza.
Sema."